Mshahara ghafi wa 2,400,000 kwa msanidi programu anayeishi Mbeya: mkononi zinabaki ngapi?

Msanidi wa Uyole

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba msaada wa hesabu kutoka kwa wenye uzoefu wa kuandaa mishahara, kwa sababu jibu ninalotakiwa kulitoa kabla ya Ijumaa litanifunga kwa miaka miwili.

Mimi ni msanidi programu. Nilisomea hapahapa Mbeya, na kwa miaka mitatu nimeishi kwa kazi za vipande: mfumo wa stoo wa mfanyabiashara wa mchele pale Mwanjelwa, tovuti ya shule, programu ya simu ya kikundi cha wakulima wa parachichi huko Rungwe. Fedha iliingia kwa kishindo na kukauka kwa kishindo. Hati ya mshahara yenye jina langu niliiona kwa miezi minane tu, nilipotoka chuoni na kuajiriwa katika duka la vifaa vya kompyuta.

Sasa kampuni moja ya Dar es Salaam, yenye wafanyakazi wapatao arobaini, imenikubali na imeridhia nifanyie kazi nyumbani Uyole, ila nishuke Dar es Salaam mara moja kila baada ya miezi miwili. Wamenipa mikataba miwili nichague, na yote inataja kiasi kilekile cha 2,400,000 kwa mwezi. Wa kwanza ni mkataba wa ajira, wenye mshahara wa msingi wa 1,800,000, posho ya nyumba ya 400,000 na posho ya usafiri ya 200,000. Wa pili ni mkataba wa huduma: kila mwisho wa mwezi napeleka ankara, wao wanakata asilimia 5 peke yake, na 2,280,000 zinaingia benki. Aliyenipigia simu kutoka idara ya utumishi alinieleza kwamba vijana wengi huchagua huo wa pili, na nikiutazama kwa jicho la haraka naona sababu.

Ninadaiwa na Bodi ya Mikopo 6,480,000, wala sikusudii kukimbia deni, maana bumu nililila mwenyewe. Ninachotaka kujua ni kiasi kitakachobaki mkononi kwa kila mkataba, na kwa nini tofauti iwe kubwa namna hiyo ilhali kiasi kilichoandikwa ni kimoja. Nimeombwa pia kufundisha Jumamosi katika chuo kimoja hapa mjini kwa 300,000 kwa mwezi. Hiyo nayo itahesabiwaje?

Mhasibu wa Mafinga

Mdogo wangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kutia saini, kwa kuwa wengi huniletea swali hili mwezi wa tatu wa kazi, wakiwa wameshika hati ya mshahara na wameshapanga nyumba kwa kutegemea mshahara ghafi.

Tuanze na ajira. Kitu cha kwanza kutoka ni mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, ambapo wewe unakatwa asilimia 10 na mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Kwako hiyo ni 240,000. Mchango huu huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa, kwa hiyo kodi yako haitatozwa kwenye 2,400,000 bali kwenye 2,160,000, na ndipo wengi wanaojipigia hesabu kwa kikokotoo cha simu wanapokosea.

Kodi yenyewe, tunayoiita PAYE, hupanda kwa ngazi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, wakati ngazi ya chini iliposhushwa kutoka asilimia 9 hadi 8, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8, kutoka 520,000 hadi 760,000 asilimia 20, kutoka 760,000 hadi 1,000,000 asilimia 25, na kila shilingi inayovuka milioni moja inatozwa asilimia 30. Aliyefika milioni moja kamili anakuwa amelipa 128,000. Wewe umeivuka milioni kwa 1,160,000, na asilimia 30 yake ni 348,000, hivyo PAYE yako ni 476,000.

Naomba nikae hapa kidogo. Nikiwa kijana katika kiwanda cha mbao, tulikuwa na msimamizi wa zamu aliyekataa nyongeza ya mshahara kwa sababu ingemvusha milioni moja, naye aliamini kwamba akivuka tu, mshahara wake wote utatozwa asilimia 30. Nilimwandikia hesabu nyuma ya karatasi ya stoo, akaitazama, akaniambia kwamba serikali haiwezi kuwa na huruma kiasi hicho. Nyongeza alikuja kuichukua mwaka uliofuata. Kiwango cha asilimia 30 hugusa sehemu iliyovuka peke yake, na kilicho chini ya milioni hubaki kwenye ngazi zake. Kama fikra yake ingekuwa sahihi, wewe ungekatwa 648,000 badala ya 476,000.

Kato la mwisho ni la Bodi ya Mikopo. Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na wala hagusi posho. Asilimia 15 ya 1,800,000 ni 270,000. Kato hili halipunguzi kodi, kwa sababu linatoka kwenye fedha ambayo tayari imeshatozwa. Basi toa 240,000, toa 476,000, toa 270,000, na mkononi unabaki na 1,414,000. Siku deni la Bodi litakapokwisha utapokea 1,684,000.

Sasa mkataba wa huduma. Ile asilimia 5 ni kodi ya zuio, maana yake ni kishika uchumba cha kodi yako ya mwaka, na kodi yenyewe bado inakusubiri. Ukishika 2,280,000 umeshika fedha ambayo sehemu yake nzuri si yako. Ankara zako kwa mwaka ni 28,800,000. Sheria inakuruhusu kuondoa gharama za kupata mapato hayo, mradi uwe na risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, na mimi nimekukadiria hivi: intaneti 100,000 kwa mwezi, chumba cha kazi 120,000, umeme pamoja na mafuta ya jenereta 55,000. Kompyuta ya 2,400,000 huwezi kuiondoa yote kwa mara moja, kwa kuwa kompyuta hupunguzwa kwa uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka, hivyo mwaka wa kwanza unaondoa 900,000. Jumla ya gharama inakuwa 4,200,000, na mapato yanayotozwa kodi yanabaki 24,600,000.

Ngazi za kodi ya mtu binafsi kwa mwaka ni zilezile za PAYE zikizidishwa kwa 12. Milioni 12 za kwanza zinazaa kodi ya 1,536,000, na milioni 12.6 zinazobaki zinatozwa asilimia 30, yaani 3,780,000. Jumla ni 5,316,000. Kampuni itakuwa imezuia 1,440,000 kwa mwaka mzima, kwa hiyo utadaiwa 3,876,000, ambazo hulipwa kwa awamu nne kwa kufuata makadirio, mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kila awamu ni 969,000. Waulize hao vijana wengi waliochagua mkataba wa pili kama waliziweka kando hizo 969,000.

Ukigawanya kwa mwezi, 2,400,000 ukitoa kodi ya 443,000 na gharama za 350,000, unabaki na 1,607,000. Mwajiriwa mwenzako, ambaye kompyuta na intaneti amepewa na kampuni, amebaki na 1,684,000 kabla ya Bodi, na wakati huohuo 480,000 zimeingia NSSF kwa jina lake kila mwezi, ambazo ni 5,760,000 kwa mwaka. Wewe NSSF yako ni sifuri mpaka ujiandikishe mwenyewe kwa hiari.

Na ukitaka kujua ni kwa nini mkataba wa pili unasifiwa sana, hesabu upande wa pili wa meza. Kukuajiri kunaigharimu kampuni NSSF ya 240,000, tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya asilimia 3.5 ambayo ni 84,000, kwa kuwa wana wafanyakazi kumi au zaidi, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5 ambao ni 12,000. Kwa mkataba wa huduma kampuni inaokoa 336,000 kila mwezi, na katika barua uliyopewa hakuna hata shilingi moja ya hizo iliyokuja upande wako.

Afisa TEHAMA, Kihesa

Mhasibu ameeleza vema upande wa sekta binafsi. Mimi nipo katika utumishi wa umma hapa Iringa, na ninaongeza picha yetu kwa sababu najua Msanidi atashauriwa na wazee wa nyumbani asubiri ajira ya serikali.

Kwetu mchango wa hifadhi ya jamii unakwenda PSSSF, na unahesabiwa kwa mshahara wa msingi: mtumishi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anachangia asilimia 15. Mwenye mshahara wa 1,600,000 anakatwa 80,000 za PSSSF, kodi ya 284,000 kutoka kwenye 1,520,000 zinazobaki, bima ya afya ya NHIF ya asilimia 3 ambayo ni 48,000, na Bodi ya Mikopo 240,000. Zinabaki 948,000. Makato ya chama cha wafanyakazi sijayaweka. Kwa tarakimu tupu tuko chini yenu, ila familia inatibiwa kwa kadi na mwajiri anatuwekea akiba kubwa kuliko sisi wenyewe tunavyojiwekea.

Kuhusu kufundisha Jumamosi, mdogo wangu, hapo niliumia mwenyewe. Nilipoanza kufundisha mitandao ya kompyuta katika chuo kimoja kwa 300,000 kwa mwezi, nilijipigia hesabu kama mtu anayeanza ajira mpya: 270,000 hazitozwi, kwa hiyo kodi itakuwa shilingi 2,400. Nilipopata hati ya kwanza nikakuta kodi ya 90,000, nikaenda ofisi ya uhasibu kwa hasira, na nikarudi nimenywea. Ajira ya pili hutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, kwa sababu zile 270,000 na ngazi za chini umeshazitumia kwenye ajira yako kuu. Kwa hiyo hiyo 300,000 ihesabu kuwa 210,000, kisha ujiulize kama Jumamosi nne za mwezi, pamoja na mitihani ya kusahihisha, zina thamani hiyo. Mimi naendelea nayo kwa sababu napenda kufundisha, na fedha ni sababu ya pili.

Usikubali mtu akushawishi kukificha chuo kwamba una ajira nyingine. Namba ya mlipakodi ni moja, na rekodi zote zinakutana humo.

Fundi wa Kabwe

Nimefanya kazi kwa mkataba wa huduma kwa miaka miwili na kampuni ambayo sitaitaja, na ninathibitisha neno la Mhasibu kuhusu zile awamu nne, isipokuwa kwangu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kampuni ilikuwa ikinikata asilimia 5 kila mwezi bila kukosa, lakini hati za kodi ya zuio hawakunipa. Nilipokwenda kuwasilisha ritani ya mwaka mwezi Juni, sikuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba kodi ilikwisha kuzuiwa. Nilianza safari za barua pepe na simu, na kati ya hati kumi na mbili nilizostahili nikapata saba. Za miezi mitano nilizilipia mara ya pili, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na sikutaka kulimbikiza riba. Kama utachagua mkataba huo, weka sharti la maandishi kwamba ankara ya mwezi huu haitapelekwa mpaka hati ya mwezi uliopita iwe imefika mkononi mwako.

Mwaka wa pili niliugua homa ya matumbo, nikalala wiki tatu. Wiki tatu hizo hazikuwa na ankara, na zisizo na ankara hazina fedha. Wenzangu walioajiriwa, tuliokuwa tukifanya nao kazi ileile kwenye mfumo uleule, walikuwa na siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na ugonjwa wao ulikuwa na malipo pia.

Nina pendekezo moja ambalo naona halijasemwa. Kwa kuwa Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi tu, waombe wapunguze msingi uwe 1,200,000 na posho zipande hadi 1,200,000. Jumla haibadiliki, lakini kato la Bodi linashuka kutoka 270,000 hadi 180,000, na hapo umejiongezea 90,000 mkononi bila mwajiri kutoa hata senti. Tangu 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipoondolewa, deni halikui tena likikaa, kwa hiyo sioni hasara ya kulilipa polepole.

Mhasibu wa Mafinga

Ndugu Fundi, hesabu yako ni sahihi, na nakubali kwamba tangu tozo hiyo ifutwe deni halinenepi. Hata hivyo mimi nisingemshauri hivyo, nami nitatoa sababu zangu.

Kwanza, kupanga upya msingi na posho hakuigusi PAYE wala NSSF. Posho ya fedha taslimu, iitwe ya nyumba, ya usafiri au ya intaneti, ni mapato ya ajira na inatozwa kama mshahara wenyewe. Kinachobadilika ni Bodi peke yake: deni la 6,480,000 linalokwisha kwa miezi 24 litakwisha kwa miezi 36. Hajapata shilingi mpya, amejikopesha mwaka mmoja.

Pili, na hili ndilo zito, mshahara wa msingi ndio unaotumika pale mambo yanapoharibika. Malipo ya saa za ziada, ambayo ni mara moja na nusu, huhesabiwa kwa msingi. Malipo ya kuachishwa kazi, ambayo kisheria ni msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, nayo huhesabiwa kwa msingi. Posho ni rahisi kuiondoa kwa waraka wa ukurasa mmoja. Nimeziandika mwenyewe nyaraka hizo, Mungu anisamehe, na sijawahi kuona mfanyakazi akishinda kwa kulalamikia posho ya intaneti. Kuushusha msingi bila ridhaa ya mfanyakazi ni jambo jingine kabisa.

Ningekuwa Msanidi, mazungumzo yangu yangekuwa juu ya ile posho ya usafiri. Laki mbili hizo zikipita kwenye mshahara, NSSF inachukua 20,000, kodi inachukua asilimia 30 ya 180,000 ambayo ni 54,000, na zinabaki 126,000. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malazi ni gharama ya kazi ya kampuni, si anasa yake, na gharama ya kazi ikirejeshwa kwa tiketi na risiti haihesabiwi kuwa mapato, kwa hiyo haikatwi chochote. Waombe wamrejeshee gharama za safari kadiri zilivyotumika, na ile laki mbili waihamishie kwenye msingi.

Dada wa Soweto

Nawasalimu nyote. Mimi si mhasibu, nimesomea sheria za kazi, na kuna jambo moja katika swali la Msanidi lililonigusa: kampuni inampa kazi ileile, kwa malipo yaleyale, kisha inamwachia achague jina la mkataba. Jina peke yake haliamui. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa endapo mojawapo ya mambo kadhaa lipo, kwa mfano kama namna anavyofanya kazi au saa zake zinasimamiwa na mwingine, kama amekuwa akimfanyia huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kama anamtegemea yeye kiuchumi, kama anapewa vitendea kazi, au kama hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote. Ni juu ya kampuni kuonyesha kwamba sivyo.

Ndugu Msanidi, je, watakuwa wanataka uhudhurie kikao cha kila asubuhi kwa njia ya mtandao, uombe ruhusa unapotoka, na usichukue wateja wengine? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni ajira hata ikivishwa ankara. Nasema haya si ili uende mahakamani. Ni ili ukae mezani ukijua kwamba mkataba wa huduma unaibebesha kampuni hatari pia, na kwamba kuomba ajira si kuomba hisani.

Msanidi wa Uyole

Nimesoma yote mara mbili, na jana usiku nilikaa na kalamu mpaka mshumaa ukaisha, maana umeme ulikatika tangu saa mbili. Ahsanteni sana.

Dada wa Soweto, majibu ya maswali yako matatu ni ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kikao ni saa tatu kamili kila siku, na katika rasimu ya mkataba wa huduma kuna ibara inayonizuia kuchukua kazi ya mtu mwingine bila idhini yao. Ibara hiyo niliipita bila kuiona.

Nilijaribu pia kuweka Bodi kwenye mkataba wa huduma ili ulinganifu uwe kamili. Aliyejiajiri hutakiwa kulipa laki moja kwa mwezi au asilimia 10 ya mapato, nami nikachukua asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi, nikapata 205,000 kwa mwezi. Mkononi zikabaki 1,402,000, pungufu ya ajira kwa 12,000. Zile 2,280,000 nilizokuwa nikiziota zimeyeyuka zote, na bado sijaweka akiba ya uzeeni wala siku moja ya ugonjwa.

Leo asubuhi nimewapigia simu. Nimeomba mkataba wa ajira, na nimeomba gharama za safari zirejeshwe kwa risiti. Walikataa kupandisha jumla ya 2,400,000, lakini wamekubali kuiondoa posho ya usafiri na kuiingiza kwenye msingi, hivyo msingi utakuwa 2,000,000 na nyumba 400,000, na tiketi pamoja na malazi nitarudishiwa. Kwa hesabu yangu NSSF ni 240,000, PAYE ni 476,000, Bodi inapanda hadi 300,000, na mkononi ni 1,384,000. Je, nimepatia? Chuo cha Jumamosi nimewaomba wanisubiri hadi muhula ujao.

Mhasibu wa Mafinga

Umepatia kila tarakimu. Mkononi zimepungua 30,000 kulinganisha na barua ya kwanza, lakini hizo zimekwenda kulipa deni lako mwenyewe, na nauli ya Dar es Salaam haitoki tena mfukoni mwako.

Mambo mawili ya utekelezaji. Ulisema uliwahi kuajiriwa kwa miezi minane. Kama duka lile lilikuandikisha NSSF, tafuta namba yako ya uanachama ya wakati ule uwape waajiri wapya, usikubali kufunguliwa nyingine, kwa sababu michango iliyogawanyika kwenye namba mbili huja kuunganishwa kwa taabu sana. Ukishalipwa mshahara wa kwanza, wa pili na wa tatu, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya NSSF uone kama 480,000 zimefika kila mwezi. Hati ya mshahara inaonyesha kilichokatwa, haionyeshi kilichopelekwa.

La pili ni Bodi. Kwa 300,000 kwa mwezi, miezi 21 inalipa 6,300,000, na mwezi wa 22 unabakiwa na 180,000. Mfumo wa mishahara haujui hivyo, utakata 300,000, na mwezi wa 23 utakata tena, kisha utaanza kuandika barua za kudai urejeshewe. Mwezi wa 20 omba taarifa ya salio kutoka Bodi, ipeleke kwa mwajiri pamoja na barua yako, na uhakikishe wamekupa nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.